Mabingwa wa Madaraja ya Chini katika Sumo ya Kijapani

Ubingwa wa madaraja ya mwisho katika sumo una ajabu yake: aupataye hufukuzwa nao mahali pale pale alipoupata. Mpiga mieleka ashindaye mapambano yake yote katika daraja la tatu kutoka chini hapewi nafasi ya kukaa hapo na kutamba. Orodha mpya ya vyeo itokapo, jina lake huwa limekwisha pandishwa, na taji aliloliacha hugombewa na wengine. Kwa hiyo mwenye ubingwa mmoja wa daraja hilo ni mtu aliyepita hapo akienda juu. Mwenye ubingwa wa mara mbili au tatu wa daraja lile lile ni mtu wa namna nyingine. Huyo alipita, akafika alikofika, akaporomoka, kisha akapita tena. Wapenzi wa mchezo huu waonapo mataji mengi ya chini mbele ya jina la mtu huyahesabu kuwa ni fahari juu ya fahari. Walakini aghalabu ni hesabu ya maanguko yake.

Yafaa kwanza ijulikane jinsi ngazi zenyewe zilivyopangwa. Madaraja ya sumo ya kulipwa ni sita. Juu kabisa ni makuuchi, lenye watu 42, na ndani yake mna vyeo vya yokozuna, ozeki, sekiwake, komusubi na maegashira. Chini yake ni juryo, lenye watu 28. Hao 70 huitwa sekitori, nao peke yao ndio walipwao mshahara. Kisha huja makushita, lenye watu 120, kisha sandanme, kisha jonidan, na mwisho jonokuchi, ambamo huanzia karibu wote. Jumla ya wapiga mieleka imekuwa ikipanda na kushuka. Mei 1994, wakati ndugu wawili, Takanohana na Wakanohana, walipowatia Wajapani wazimu wa mchezo huu, jumla ilifika 943, hesabu ambayo haijapata kufikiwa tena. Katika miaka ya 2020 wamekuwa kama 600.

Mpaka baina ya juryo na makushita ni mpaka wa maisha, wala si wa mchezo tu. Sekitori ana chumba chake katika kambi, ana vijana wa kumtumikia, hufunga mshipi wa hariri siku ya mashindano na mweupe siku ya mazoezi, na nywele zake hutengenezwa kwa umbo la jani la mti wa ginko. Aliye chini ya mpaka hufunga mshipi mweusi wa pamba katika mazoezi na katika mashindano. Hulala na wenzake katika chumba kimoja kikubwa, huamka alfajiri kufanya mazoezi kabla ya wakubwa, hufagia, hupika, huwasugua sekitori migongo bafuni, na hula wao wakiisha kula. Hata mavazi yana sheria. Wa jonokuchi na jonidan huvaa joho jepesi la pamba na viatu vya mbao hata theluji ikianguka. Wa sandanme huruhusiwa kandambili zenye soli ya ngozi. Wa makushita huongezewa koti la baridi na shali. Mjapani aliyezoea mambo haya hujua cheo cha mpiga mieleka apitaye njiani kwa kumtazama miguuni.

Fedha nazo husema yale yale. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mtu wa juryo alipewa mshahara wa yeni 1,100,000 kwa mwezi. Mtu wa makushita hakupewa mshahara ila posho ya yeni 165,000 kwa kila mashindano, nayo mashindano huja mara moja katika miezi miwili. Bingwa wa makushita, yaani mtu aliyewapita wote 120, hutunzwa yeni 500,000. Tuzo hiyo haifikii hata nusu ya mshahara wa mwezi mmoja wa mtu wa mwisho katika juryo, mtu ambaye huenda ameshindwa mara kumi katika mashindano hayo hayo. Bingwa wa sandanme hutunzwa yeni 300,000, wa jonidan 200,000, wa jonokuchi 100,000. Hapana awaniaye taji la chini kwa ajili ya fedha zake. Hulitaka kwa sababu ni mlango.

Mlango huo ni mwembamba. Sekitori hupigana kila siku kwa muda wa siku 15, hata akishindwa mara mbili au tatu aweza kuwa bingwa. Walio chini hupigana mara 7 tu katika siku hizo 15, na kila mmoja hukutanishwa na mwenye hesabu sawa na yake: asiyeshindwa kwa asiyeshindwa, aliyeshindwa mara moja kwa mwenzake. Katika makushita hesabu hujipanga yenyewe. Baada ya pambano la kwanza wasioshindwa hubaki 60, kisha 30, kisha 15, kisha 7 au 8, kisha kadiri ya 4, kisha 2, na pambano la saba humwacha mmoja. Daraja likizidi watu 128, kama sandanme lilivyokuwa kwa miaka mingi lilipokuwa na watu 200, wasioshindwa waweza kubaki wawili, nao hupambanishwa tena siku ya mwisho ili apatikane bingwa. Basi mguu mmoja ukiteleza, taji limekwenda. Ubingwa wa chini kwa kawaida ni wa mtu asiyeanguka hata mara moja. Lakini ni mara moja katika mara saba tu, na mapambano saba ni machache mno kumpima mtu.

Ushahidi wa neno hilo ni Hakuho, Mmongolia aliyestaafu mwaka 2021 akiwa na mataji 45 ya makuuchi, hesabu isiyopata kufikiwa na mtu mwingine. Mashindano yake ya kwanza katika jonokuchi, Mei 2001, alishinda mara 3 akashindwa mara 4. Alikuwa kijana mwembamba ambaye makambi hayakumkimbilia. Katika madaraja manne ya chini hakupata taji hata moja. Taji lake la kwanza lilikuwa la juryo, Machi 2004. Mtu angelitafuta yokozuna wa kesho katika orodha ya mabingwa wa jonokuchi na jonidan asingalimwona kabisa.

Ubingwa wenyewe si wa kale kama mchezo. Sumo ya kulipwa ilikuwapo tangu zamani za Edo, lakini desturi ya kumtaja mtu mmoja kuwa bingwa wa mashindano ilianza Juni 1909, ukumbi wa Kokugikan ulipofunguliwa Ryogoku, Tokyo, na gazeti la Jiji Shimpo likaahidi kumtunza picha yake kubwa atakayeshinda zaidi. Wa kwanza kuipata alikuwa Takamiyama Torinosuke. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo la gazeti. Wenye mchezo wenyewe walilikubali rasmi mwaka 1926, baada ya mrithi wa kiti cha ufalme, Hirohito, kutoa fedha iliyotengenezewa kombe. Ubingwa wa madaraja ya chini ulifuata nyuma ya ule mkubwa, kama kivuli kimfuatavyo mtu.

Katika zama hizo mataji ya chini yalikuwa ya wapandao. Mfano wake mzuri ni Haguroyama Masaji, mtu wa Niigata, aliyeingia ulingoni mwaka 1934 katika kambi ya Tatsunami, kambi ya Futabayama yule aliyeshinda mara 69 mfululizo toka 1936 hata 1939. Haguroyama alitwaa ubingwa wa jonokuchi, na jonidan, na sandanme, na makushita, na juryo, kila daraja katika mashindano yake ya kwanza humo. Siku hizo mashindano yalikuwa mara mbili kwa mwaka; kwa hiyo safari ambayo leo ingekwisha katika mwaka mmoja ilimchukua mpaka Mei 1937 kuingia makuuchi. Huko nako alipata mataji 7, akawa yokozuna wa 36, na hakuacha kupigana mpaka mwaka 1953. Orodha yake ya mataji ya chini ni safi kama ngazi: kidato kimoja, mguu mmoja.

Baada yake ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya Tochiazuma Daisuke kuukamilisha mzunguko huo huo wa madaraja sita. Baba yake, aliyeitwa kwa jina hilo hilo la ulingoni, alikuwa bingwa wa makuuchi Januari 1972. Mtoto aliingia Novemba 1994, akayatwaa mataji ya madaraja matano akipanda, na Januari 2002, katika mashindano yake ya kwanza akiwa ozeki, akalipata la sita. Wengine walipanda kwa kasi iliyo kubwa zaidi. Jokoryu, aliyetoka chuo kikuu, alishinda mara 27 tangu pambano lake la kwanza mwaka 2011 bila kushindwa, akaivuka hesabu ya Itai ya mara 26. Enho, kijana ambaye uzito wake haukufika kilo mia, alishinda mara 21 mfululizo mwaka 2017 na kukusanya mataji matatu katika miezi mitano: jonokuchi Mei, jonidan Julai, sandanme Septemba. Watu wa namna hii huwa wameiva kabla ya kupikwa, kwani wamekwisha pigana miaka mingi katika sumo ya wanafunzi. Majina yao yatarudi hapa chini, lakini si katika sura hii ya furaha.

Kilichobadili maana ya mataji ya chini ni mambo mawili: kalenda na kanuni. Kalenda ilianza. Mwaka 1953 mashindano yalifanywa manne kwa mwaka, mwaka 1957 matano, na tangu 1958 yamekuwa sita: Januari, Mei na Septemba katika Tokyo, Machi Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Sekitori akawa na siku 90 za kupigana katika mwaka, mbali na ziara za mikoani. Uzito wa watu ukaongezeka, ulingo ukabaki ule ule wa udongo ulioinuliwa juu ya sakafu, ambao aangukaye nje yake huanguka kutoka juu. Magoti ndiyo yaliyolipa. Na katika orodha ya vyeo hapana ugonjwa: siku usiyofika ulingoni huandikwa kuwa umeshindwa. Aliyelala hospitali siku 15 huhesabiwa sawa na aliyeangushwa mara 15, na orodha ifuatayo humshusha kwa kiasi hicho hicho.

Januari 1972 Chama cha Sumo cha Japani kiliweka kanuni ya kupunguza ukali huo. Mpiga mieleka aumiaye katika pambano rasmi, na kuleta cheti cha daktari, aliruhusiwa kukosa mashindano yafuatayo bila ya kushushwa. Ilikuwa huruma yenye mipaka, maana ililinda mashindano mamoja tu. Kotokaze, aliyefika cheo cha sekiwake mwaka 1978, aliumia goti, akaumia tena, na ijapokuwa kanuni ilikuwapo, mwaka 1979 alijikuta amekwisha shuka hata makushita. Alijenga upya kutoka hapo, akawa bingwa wa makuuchi Septemba 1981, akapewa cheo cha ozeki. Katika siku zake habari kama hiyo ilikuwa ya kushangaza. Watu waliisimulia kama hadithi ya mtu aliyetoka kaburini.

Kanuni hiyo ikaishi miaka 32. Mwishoni ilihukumiwa kwa kosa la watu walioitumia, kwa kuwa wenye vyeti vya daktari walizidi kuwa wengi, viti vya sekitori wasiofika vikazidi kuwa vitupu, na wanaolipa kiingilio wakanung'unika. Chama, chini ya uenyekiti wa yokozuna wa zamani Kitanoumi, kikaifuta baada ya mashindano ya Novemba 2003. Januari 2004 makuuchi likaongezwa kutoka watu 40 hata 42, na juryo kutoka 26 hata 28. Nafasi nne mpya zikawa badala ya ulinzi wa wote. Mtu aweza kuutetea uamuzi huo kwa hesabu, kwa sababu kiti kinachohifadhiwa kwa ajili ya mgonjwa ni kiti anachonyimwa mzima aliyestahili kupanda. Lakini hesabu hiyo haikuuliza jambo moja: mgonjwa akisha kupona, atarudi kwa njia gani, na atakutana na nani njiani?

Jibu lilionekana wazi kwa Tochinoshin. Huyu alikuwa Mgeorgia, jina lake la kuzaliwa Levan Gorgadze, mtu mwenye nguvu za ajabu za mikono, aliyeweza kumnyanyua mwenzake kwa mshipi na kumweka nje kama mtu awekaye gunia. Julai 1913 angalikuwa hadithi; Julai 2013 alikuwa mgonjwa: katika mashindano ya Nagoya, akiwa maegashira, kano za goti lake la kulia zilikatika. Akakosa siku zilizobaki, akakosa Septemba, akakosa Novemba, akakosa Januari. Machi 2014 jina lake lilisomeka katika nafasi ya 55 ya makushita, mkiani mwa daraja. Chumba kilikwenda, watumishi walikwenda, hariri ilikwenda. Mtu aliyekuwa amepata kufika komusubi alirudi kufunga pamba nyeusi na kuja ukumbini kabla ya adhuhuri.

Alishinda mapambano yote 7. Kwa kuwa makushita ni daraja pana, ubingwa uliopatikana mkiani haukumtoa humo, bali ulimsogeza karibu na kichwa chake. Na Mei alishinda tena yote 7. Julai akawa bingwa wa juryo kwa ushindi wa mara 13. Septemba akawa bingwa wa juryo tena, safari hii mara 15 kwa 15. Mataji manne mfululizo, katika miezi saba! Mpenzi wa takwimu ataona hapo mtu ambaye hakuwa na kifani. Bali ukweli ni kwamba hakuwa na sababu ya kuwa hapo. Novemba alikuwa amerudi makuuchi. Januari 2018 alilitwaa taji kubwa kwa ushindi wa mara 14, na mwaka huo huo akawa ozeki. Yale manne ya mwaka 2014 yalikuwa nauli ya kumrudisha mahali alipokuwa amekwisha fika.

Terunofuji alishuka zaidi. Mmongolia huyu, mwanafunzi wa kambi ya Isegahama, alikuwa bingwa wa makuuchi Mei 2015 na ozeki kabla hajafika miaka 24. Kisha magoti yote mawili yakaharibika, na kisukari na ugonjwa wa ini vikaja juu yake. Cheo cha ozeki kilimtoka mwaka 2017. Mwaka 2018 alishuka chini ya juryo, jambo ambalo mpaka wakati huo halikuwa limepata kumfika mtu aliyekuwa ozeki katika sumo ya zama hizi, na akaendelea kushuka huku hapigani. Mara kadhaa alimwendea mwalimu wake, yokozuna wa zamani Asahifuji, kumwomba ruhusa ya kustaafu. Mwalimu akamkatalia, akimtaka kwanza autibu mwili wake. Machi 2019 alirudi ulingoni katika jonidan, nafasi ya 48.

Wengi walidhani taji la jonidan litakuwa lake kama mtu aokotaye embe chini ya mti. Alishinda 7 kwa 7. Lakini jonidan lina watu wengi kuliko 128, na kwa hesabu ile iliyotajwa juu alibaki mwingine asiyeshindwa: Roga, kijana aliyeingia sumo miezi michache nyuma. Wakapambanishwa siku ya mwisho, na Roga akamshinda ozeki wa zamani. Kwa hiyo katika orodha ya mabingwa wa jonidan jina la Terunofuji halimo. Halimo la sandanme vile vile, maana humo alishinda 6 na kushindwa 1, na mara mbili za kwanza katika makushita hesabu ikawa ile ile. Novemba 2019, akiwa nafasi ya 10 ya makushita, alishinda yote na kuwa bingwa. Na kwa desturi ashindaye yote akiwa katika nafasi 15 za kwanza hupandishwa juryo. Januari 2020 akawa bingwa wa juryo. Julai 2020, akiwa karibu na mkia wa makuuchi, alilitwaa taji kubwa, miaka mitano baada ya lile la kwanza. Mwaka 2021 akawa yokozuna wa 73, na alipostaafu Januari 2025 alikuwa na mataji 10 ya makuuchi.

Hapa yapo mafunzo kwa mwandishi wa historia atumiaye orodha. Terunofuji ana mataji mawili ya juryo, la 2013 na la 2020. Orodha huyaandika kwa namna moja. La kwanza ni la kijana wa miaka 21 apandaye asiyejua magoti yana mwisho. La pili ni la mtu aliyekwisha zikwa na magazeti. Na sehemu kubwa ya kurudi kwake, tangu jonidan mpaka katikati ya makushita, haikuacha taji hata moja la kuishuhudia. Mwenye kuhesabu mataji ya chini peke yake angeona Tochinoshin ametaabika zaidi ya Terunofuji.

Jambo hili lina upande mwingine ambao hautazamwi sana. Mapambano ya chini huanza yapata saa mbili na nusu asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, viti vimekunjwa, na sauti ya mwamuzi inasikika mpaka juu. Saa kumi jioni, wakuu waingiapo, ukumbi huwa umejaa. Katika ukumbi mtupu wa asubuhi wapo watu ambao hawatafika jioni. Baadhi yao wamekaa katika sandanme miaka kumi, wakishinda 4 na kushindwa 3, wakishinda 3 na kushindwa 4, wakipanda hatua chache na kushuka hizo hizo. Kwa mtu wa namna hiyo mashindano ya 7 kwa 7 yaweza kumjia mara moja katika maisha. Na mara hiyo, akiisha shinda mapambano sita, aitwapo kwa la saba aweza kumkuta mbele yake mtu aliyekuwa ozeki, mwenye mwili wa kilo mia na sabini, aliyeshushwa na siku alizolala hospitali na wala si na mikono ya mtu. Hapo hapana wa kulaumiwa: ozeki hakuomba kuletwa pale, na kijana hakuomba kukutana naye. Kanuni imewakutanisha. Wako wasemao kuwa kijana hujifunza kwa kuangushwa na mkubwa, na neno hilo si uongo. Walakini somo hilo kijana hulipata kila asubuhi katika kambi, bila ya kutozwa taji.

Jokoryu na Enho, wale waliopanda kama moshi, nao waliuonja ukumbi wa asubuhi mara ya pili. Jokoryu alifika komusubi mwaka 2013, kisha maumivu yakamrudisha chini ya juryo. Enho aliumia shingo Mei 2023, akakaa nje zaidi ya mwaka, na Julai 2024 alirejea katika jonokuchi, daraja alilokuwa bingwa wake miaka saba kabla. Alipoingia ulingoni watu waliokuja mapema kwa ajili yake walimpigia makofi kuliko wanavyopigiwa wengi wa makuuchi. Makofi hayo yalikuwa ya haki. Waliokuwa wakisubiri zamu zao kando ya ulingo waliyasikia pia.

Si kila anguko lililetwa na mwili. Asanoyama, mtu wa Toyama, alikuwa bingwa wa makuuchi Mei 2019, mashindano ambayo siku yake ya mwisho Rais wa Marekani, Donald Trump, alipanda ulingoni mwenyewe kumkabidhi kombe. Machi 2020, katika Osaka, mashindano yalifanywa bila ya watazamaji kwa hofu ya maradhi ya korona. Asanoyama alishinda mara 11, na mashindano yalipokwisha akatangazwa ozeki. Mwaka uliofuata alivunja masharti ya kujikinga na maradhi hayo kwa kutoka usiku kwenda kustarehe, akawaficha ukweli waliomchunguza, akafungiwa mashindano sita. Adhabu ilikuwa yake na alistahili. Aliporudi Julai 2022 alikuwa katika sandanme, akashinda 7 kwa 7 na kuwa bingwa. Januari 2023 akawa bingwa wa juryo kwa ushindi wa mara 14, na Mei akarudi makuuchi.

Julai 2024 goti lake la kushoto likaumia. Orodha haikuuliza kama safari hii kosa lilikuwa lake. Ilimshusha kama ilivyomshusha alipofungiwa, ngazi kwa ngazi, hata ikamfikisha tena sandanme. Machi 2025 mashindano yalikuwa Osaka, katika ukumbi ule ule alimopatia cheo cha ozeki miaka mitano nyuma. Asanoyama, mwenye miaka 31, alifunga mshipi mweusi wa pamba, akashinda yote 7, akapokea cheti cha ubingwa wa sandanme na yeni 300,000. Kilikuwa cheti chake cha pili cha daraja hilo tangu alipokuwa ozeki.